Kiti cha Mama Pindo

Daktari wa mifupa alisema goti si tatizo. Goti analo, jipya kabisa, limo sandukuni linamsubiri mwenyewe. Tatizo ni mapaja.

"Mama, mimi kazi yangu ni kubadilisha goti," alisema, huku akibonyeza paja la mgonjwa kwa vidole viwili. "Misuli ya kulisimamisha sina. Hiyo lazima uje nayo kutoka nyumbani."

Mama Pindo alivuta gauni kufunika paja. Hakupenda kubonyezwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza akikanyaga cherehani. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna fundi mwingine mtaani aliyejua kukunja pindo likatulia kama lake. Sasa gauni alilovaa alikuwa amelipunguza kiunoni mara mbili, na bado lilimpwaya. Goti la kulia lilikwisha miaka minne nyuma, mfupa ukawa unasaga mfupa. Kwa kuogopa maumivu akaacha kutembea. Kwa kutotembea, nyama ya miguu ikayeyuka. Nyama ilipoyeyuka goti likazidi kuuma, na wote waliompenda wakazidi kumwambia apumzike. Alipumzishwa mpaka akawa hawezi kuinuka.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mfupi mwenye raba nyeupe na saa iliyoning'inia shingoni, alimketisha kwenye kiti cha mbao kisicho na pa kuegemeza mikono. Akamwagiza akunje mikono kifuani, asimame wima, akae, asimame tena, mara nyingi kadiri awezavyo ndani ya nusu dakika. Mama Pindo alisimama mara mbili. Ya tatu aliinuka kidogo tu, akarudi chini kwa kishindo. Mumewe, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, alikimbilia kumshika kwapani kama alivyozoea.

"Mwache, mzee," mtaalamu alimwambia. "Hapa hashikwi."

Masharti yalitolewa hapo hapo. Magoti hayo huletwa mara moja kwa mwaka, na wagonjwa kumi na wawili hufanyiwa upasuaji katika juma moja. Zilibaki wiki nane. Atakayeweza kusimama mara nane atalazwa. Atakayeshindwa, nafasi yake atapewa mwingine, naye atangoja mwakani. Daktari alieleza kwamba hilo si roho mbaya. Mtu asiye na misuli akipasuliwa hubaki kitandani, na goti jipya halimsaidii kitu. Mama Pindo aliuliza mwakani atakuwa amebakiwa na mapaja gani. Daktari akafungua faili, akasoma mahali ambapo alikwisha kusoma.

Tusifichane. Si kutembea sokoni kulikomnyima Mama Pindo usingizi. Mwezi uliopita walikuwa msibani kwa jirani, watu wakainuka kuondoka, yeye akashindwa. Vijana wawili asiowajua wakambeba pamoja na kiti mpaka barabarani, mmoja akimwambia mwenzake ashike vizuri upande ule, kana kwamba wanahamisha kabati. Na nyumbani, chooni, hainuki mpaka mumewe aje amvute kwa mikono miwili. Hayo hayasemwi mbele za watu. Ila kila alipoyafikiria alihisi afadhali akatwe goti na kisu cha jikoni kuliko kungoja mwaka mwingine.

*

Binti yao ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa karani wa ghala la saruji, mwanamke wa miaka arobaini asiyependa mambo ya kubahatisha, na tangu ndoa yake ivunjike alikuwa akiishi nao. Alibandika karatasi ukutani juu ya cherehani: asubuhi na jioni, kusimama na kukaa, kuinua mguu ulionyooka, kusimama kwa vidole huku ameshika meza. Akaleta mchanga, mama akashona mifuko miwili ya kufunga miguuni, kila mmoja nusu kilo. Aliikunja pindo pande zote ingawa hakukuwa na mteja wa kuikagua.

Kisha chakula. Mtaalamu alikuwa amesema misuli ya mtu mzima haijengwi kwa chai na mkate. Mayai mawili kila asubuhi, maziwa, maharage, samaki wakipatikana. Binti alichemsha mayai alfajiri, akayamenya, akayaweka mbele ya mama, kisha akahesabu mazoezi kwa sauti ile ile aliyohesabia mifuko ya saruji ikishushwa kwenye lori. Moja. Mbili. Haya, mbili bado, hiyo haikufika, rudia.

Ila mayai yalikuwa na safari yake. Katika ndoa ya miaka arobaini na sita, Mama Pindo hakuwahi kula yai zima mumewe akiwa mezani. Binti alipogeuka tu kutafuta mkoba wake, yai moja lilihama sahani. Mzee alilikataa kwa jicho, mama akalisukuma kwa jicho, mzee akalimeza haraka haraka huku akitazama mlango. Kesho yake likahama tena. Mama Pindo hakuona amefanya kosa. Alijiambia kwamba tumbo lake ni dogo, na kwamba mwanamume wa miaka sabini na mitano anayeshinda kwenye randa anahitaji kitu tumboni.

Huyo mumewe watu wote walimwita Seremala. Alikuwa na karakana ya mabati nyuma ya nyumba, na kwa kuwa kazi zilikuwa zimepungua, alikabidhiwa usimamizi wa zoezi la jioni binti anapochelewa. Msimamizi mbaya kuliko huyo hakuna. Mke alipokunja uso, naye alikunja. Mke alipoguna, yeye alishika kiti. Jioni ya siku ya sita Mama Pindo alisimama mara moja, akajaribu ya pili, miguu ikatetemeka akakaa, akajaribu, akakaa. Mara ya nne hakujaribu. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya kanga, akamwomba mumewe amwambie binti kwamba leo zimefika tano.

Seremala alikula yamini kwamba atasema tano. Kisha akaenda karakana, akakaa juu ya magogo, na moyo wake haukukubali kukaa naye.

Kesho yake mchana, mke alipolala, alikichukua kiti cha mazoezi. Alikitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana, na alikijua kama alivyojua meno yake. Akakata vipande vinne vya mti wa aina ile ile, kila kimoja inchi moja na nusu, akaviunga chini ya miguu kwa gundi na misumari, akapiga msasa, akapaka rangi mpaka kiungo kikapotea. Alijiambia ni vya kuanzia tu, apate moyo. Akishachangamka atavitoa.

Jioni hiyo Mama Pindo alisimama mara sita.

Alikaa, akawatazama mume na binti kwa zamu, kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo tangu goti lianze. Alitaka kurudia. Binti akapiga makofi. Seremala akaenda nje kuangalia kama mvua inakuja, na mbingu ilikuwa kavu.

Unavitoaje vipande baada ya kicheko kama kile? Hakuvitoa. Wiki ya tatu mke alipokwama kwenye saba kwa siku nne na kuanza kununa, aliongeza inchi moja na nusu nyingine. Kiti sasa kilikuwa juu kiasi kwamba mtu alihitaji kuegemea mbele tu ili ajikute amesimama. Mama Pindo alifika tisa, kumi, kumi na moja. Aliwaambia wateja wake wa zamani. Alianza kumtania mumewe kwamba akishapata goti atamwacha atafute kijana. Mzee alicheka pale palipotakiwa kuchekwa. Usiku aligeuka huku, akageuka kule. Mchana aliingia, akatoka, akaanza stuli akaiacha, akaanza mwiko akaukondesha kwa msasa mpaka ukavunjika. Mara mbili alifungua mdomo kusema. Mara mbili binti aliingia, au mke akaanza kuimba, naye akaufunga.

*

Wiki ya tano kulikuwa na kupimwa kwa katikati. Mama Pindo alivaa gauni la zambarau na kuwahi kufika. Kwenye benchi la kungojea aliwauliza wenzake wanafika ngapi. Mwalimu mstaafu alisema sita. Dereva mmoja mnene alisema saba, akipenda. "Mimi kumi na moja," alisema Mama Pindo, na benchi zima likageuka kumtazama. Dereva alimwomba siri. Seremala alisema anakwenda kunywa maji.

Mlango wa chumba cha mazoezi haukufungwa, kwa hiyo wote waliona. Alikunja mikono, saa ikabonyezwa, akasimama. Akakaa chini, chini zaidi ya alivyozoea, akashtuka kama mtu aliyekosea ngazi. Akasimama ya pili akitetemeka. Ya tatu ilimaliza pumzi zake zote. Akaendelea kusukuma, uso umejaa jasho, mpaka mtaalamu akasema basi mama, muda umekwisha. Tatu. Kwenye benchi mwalimu mstaafu alianza kusoma kadi yake kwa bidii. Dereva alitazama viatu.

"Nyumbani kumi na moja," Mama Pindo alisema kwa sauti ndogo. "Muulize binti yangu. Muulize mzee."

Mtaalamu hakumbishia. Alimpandisha kwenye mizani, akasema amepungua kilo moja, akauliza anakula nini. Mayai mawili, mama akajibu, na akaona haya kutazama upande wa mumewe, ambaye naye alikuwa akitazama dari. Mtaalamu aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Kisha akauliza kiti cha nyumbani kikoje.

Mama Pindo hakuwahi kutoka bila futi yake ya kushonea. Aliitoa mkobani, akainama kwa shida, akapima kiti cha hospitali mwenyewe, kutoka sakafuni mpaka kikalio. Inchi kumi na saba. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema wataondoka.

Njiani Seremala alieleza mambo ya jua, ya barabara, ya bei ya misumari, na mkewe akawa anaikunjua futi na kuikunja tena.

*

Mama Pindo alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alishika futi, akaishusha kando ya kiti. Inchi ishirini. Akapitisha kidole kwenye mguu wa kiti, taratibu, mpaka kikafika pale kiungo kilipo. Macho yalidanganyika na rangi. Kidole cha mtu aliyetengua na kurefusha nguo za watu miaka arobaini hakikudanganyika. Akatelemka, akakipata cha pili.

"Umekirefusha," alisema. "Mara mbili."

Binti, aliyefika tu kutoka ghalani, alikuwa amesimama na funguo mkononi, hajaelewa. Baba yake alivua kofia.

"Nilitaka upate moyo," alisema. "Ulikuwa unalia, mama. Nilishindwa kukuangalia."

"Ungegeuka ukaangalia ukuta." Sauti yake haikupanda. "Watu wamenibeba kama kabati, nimevumilia. Wewe unanivuta chooni, nimevumilia. Leo nimejisifu mbele ya watu, nimesema kumi na moja, na wewe umekaa pembeni yangu unajua. Hebu niambie, ulinihurumia au ulinidharau?"

Seremala alikaa kwenye stuli yake isiyokwisha na mikono yake mikubwa ikawa haina pa kukaa. Binti ndiye aliyelipuka: wiki tano zimepotea, yeye anaamka alfajiri kuchemsha mayai, anahesabu mpaka anahesabu ndotoni, kumbe anahesabu uongo. Na zimebaki wiki tatu, na kiti cha hospitali hakina huruma ya mtu. Alisema mengi, mengine yasiyofaa kuambiwa baba mzazi. Mzee aliyapokea yote kichwa chini.

Mama Pindo alimwacha amalize. Kisha akasema, akitazama sahani iliyoachwa mezani tangu asubuhi, "Mayai pia ni uongo."

Binti akageuka.

"Moja nilikuwa nampa baba yako. Kila siku." Alivuta pumzi. "Kilo yangu moja iko tumboni kwake."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Binti akatoka nje na simu kumpigia mtaalamu. Alirudi baada ya dakika kumi, amepoa kidogo. Mtaalamu alikuwa amesema kiti kirefu si dhambi. Hata hospitali huwaanzishia wagonjwa kwenye kiti kirefu. Dhambi ni kwamba kiti hushushwa, wao wamekipandisha. Kishushwe nusu inchi kila baada ya siku tatu, na mama ale mayai yake. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba wengine huweza.

Seremala aliinuka kwenda kuchukua msumeno.

"Kikatie hapa hapa," mke alimwambia. "Nione."

*

Wiki tatu hizo hazikuwa na utulivu wowote. Mayai yaliliwa binti akiwa amekaa mkabala, bila kupepesa macho. Mzee alihamishwa meza, akawa anakunywa chai yake karakana kama mtu aliyefukuzwa. Kila siku ya tatu msumeno uliingia sebuleni, vumbi la mbao likaanguka kwenye gazeti, na Mama Pindo akapima kwa futi yake miguu yote minne kabla ya kukaa. Wakati wa mazoezi mumewe aliruhusiwa kuwepo kwa sharti moja, atazame ukuta. Alisimama na uso kwenye ile karatasi iliyobandikwa juu ya cherehani, akisikiliza. Aligundua kwamba kiti kile hulia mtu anapokaa, mlio mfupi, na hutulia akisimama. Akawa anahesabu kwa masikio.

Kwenye inchi kumi na tisa alisimama mara nane. Kwenye kumi na nane, tano. Siku hiyo alitupa futi ukutani, akasema hataki, nafasi wampe dereva, kwani lazima azeeke akiwa amesimama? Jirani mmoja aliyepita kusalimia alishauri kwamba mtu mzima aachwe apumzike. Mama Pindo alimtazama mpaka jirani akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Kisha akakunja mikono kifuani, akaanza upya.

Mguu ulianza kubadilika. Haukunenepa, lakini akilifinya paja alikuta kitu kinachokataa. Asubuhi moja aliingia chooni, na Seremala akasubiri mlangoni kuitwa kama kawaida. Hakuitwa. Mlango ulifunguliwa, mke akatoka ameshika ukuta, akampita bila neno. Mzee alibaki pale muda mrefu, mikono imening'inia, na alijisikia furaha na upweke kwa pamoja.

Siku nne kabla ya kupimwa, kiti kilifika inchi kumi na saba, na vipande vyote vya uongo vilikuwa vimekwisha kuwa unga. Alisimama mara saba. Alirudia baada ya kupumzika, saba. Jioni, saba.

"Kata tena," alisema.

"Imefika kumi na saba. Ndiyo ya hospitali."

"Nimesikia. Kata nusu nyingine, nikikute cha hospitali kirefu."

Seremala aliinama, akashika mguu wa kiti. Chini ya kidole chake sasa kulikuwa na mti wa zamani, ule wa kwanza.

"Huu ndio niliokuchongea tulipooana," alisema.

"Najua. Kata."

Akakata. Ilimchukua muda, kwa kuwa mti ule ulikuwa mgumu na macho yake hayakuona vizuri. Alipomaliza, mke aliokota kipande kimoja, akakifuta vumbi, akakitia kwenye kopo la vifungo. Asubuhi iliyofuata chai ya mzee ilikuwa mezani, si karakana.

*

Benchi lilikuwa lile lile. Mwalimu mstaafu alikwisha kuingia akatoka na karatasi ya kulazwa. Dereva alikuwa amepata saba na alikuwa akibishana kwa upole na mtu wa dirishani. Safari hii hakuna aliyeulizana. Binti alizunguka ukumbi, akasoma matangazo yote, akaanza tena la kwanza.

Waliitwa. Mama Pindo alipima kiti kwa futi, mtaalamu akamwacha apime. Akakaa, akakunja mikono. Kisha akamtazama mumewe.

"Ukutani," alisema.

Seremala aligeuka. Ukuta ulikuwa wa kijani, umepasuka kidogo karibu na swichi. Alisikia saa ikibonyezwa, akasikia raba ya fimbo ya mtu ikipita nje, akafunga macho ili asikie kiti peke yake. Cha hospitali nacho kililia alipokaa, moja. Kililia, mbili. Tatu na nne zilifuatana vizuri. Tano ilichelewa. Sita ilikuja na mguno, naye mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe kwenda kumshika mtu asiyemwona. Akaukamata kwa wa kushoto. Kiti kikalia mara ya saba. Kisha pumzi nzito, viatu vikijikaza sakafuni, kitambaa cha gauni kikikwaruza.

Halafu kimya.

Alingoja mlio. Mtu akishindwa hurudi chini kwa kishindo, na kishindo kile alikijua. Alingoja na mgongo wote umekakamaa. Mtaalamu alisema muda umekwisha. Binti yake hakusema kitu, na hilo lilimwogopesha kuliko yote. Kiti hakikulia.

"Geuka basi, mzee," alisikia. Sauti ilitoka juu, karibu na sikio lake. "Sijakaa."